Mwenye Jamaa Atoke Nje

Wananiita Pini. Wengine wanadhani ni kwa sababu ya kazi yangu ya cherehani, lakini waliponibandika jina hilo nilikuwa sijui hata kutunga uzi. Nilikuwa na mdomo tu. Mdomo huohuo ndio ulionipeleka kwenye udiwani, na mdomo huohuo nusura umvunjie mama yangu kibanda.

Kibanda chenyewe ni cha kwanza kwenye uchochoro wa mafundi, nyuma ya ofisi za halmashauri, mlango wa bati, dirisha la wavu. Mama alikipata akiwa na mimba yangu. Leo macho yake hayaoni tena tundu la sindano, ila kila asubuhi anakuja, anaketi kwenye kiti chake chenye mto, anapinda mapindo ya sketi kwa kupapasa. Sisi wenye macho tunamtungia uzi. Leseni ni ya jina lake na mimi nashona mle kama binti yake. Baada yetu wamejipanga mafundi wengine: wa suti, wa sare za shule, na mwishoni kabisa Fundi Zipu, ambaye kazi yake ni zipu tu na kulalamika.

Uchochoro ule una midomo, nisikudanganye. Mtu anakuja kupunguziwa suruali, anaondoka na habari za mji mzima. Ni pale ilipochambuliwa habari ya diwani aliyechukua greda la halmashauri kwenda kusawazisha ua wa nyumba yake. Ni pale pia tulipojua kwamba mwingine amemwajiri mwanawe kuwa mlinzi wa bustani ya mji, wakati mji hauna bustani. Watu walicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, wakanigeukia mimi.

"Pini, si wewe uko humo ndani?" Zipu akauliza. "Unafanya nini humo, unakunywa chai?"

Nilikasirika kwa sababu ni kweli nilikuwa nakunywa chai. Halmashauri ilikuwa inaandika upya katiba ya mji, kile kitabu cha sheria ambazo inajiendesha nazo, na mimi nilikuwa nimekaa tu naitikia. Nikaenda nyumbani nikaandika kifungu changu. Kilisema hivi: kama diwani, au mwenzi wake, au mwanawe, ana faida au hasara katika jambo linaloamuliwa, aseme wazi mbele ya watu, atoke nje ya ukumbi, asirudi mpaka wenzake wamalize. Basi. Sikuweka nakshi.

Sasa, mwenyekiti wa halmashauri yetu ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu mkubwa. Si mtu mbaya nyumbani, haki yake nimpe, lakini ofisini ni jitu lingine. Jinsi anavyopigisha kura utacheka. Anasema, "Wanaokubali, mikono juu," halafu anavua miwani, anawapitia watu mmoja mmoja taratibu, na mikono iliyo juu wala haitazami. Anatafuta iliyo chini. "Naona kuna mikono bado imelala," anasema. Na ole wako mkono wako ulale, maana barabara ya kata yako italala nayo. Ndiyo maana kwetu kila jambo hupita kwa kauli moja.

Ana udhaifu mmoja tu, nao ni makofi. Shemeji akipigiwa makofi lazima aongeze sentensi. Ukimpigia tena, anaongeza nyingine. Harusini watu wa familia tumeshazoea kumnyang'anya kipaza sauti.

Siku ya kupitisha katiba nilijua kifungu changu atakinyonga mchana kweupe. Ukumbi ulijaa. Mafundi wote walifunga vibanda wakaja kukaa kwenye viti vya wananchi. Nikasoma kifungu, nikaketi, nikasubiri panga. Shemeji akasimama, akarekebisha tai.

"Kifungu hiki," akasema, "ni dhaifu."

Nikasema moyoni, haya, limeanza.

"Eti mwenzi na mtoto! Kwani mama mzazi si mtu? Ndugu si watu? Kama tunataka maadili, tutake maadili kweli!"

Alinitazama aliposema mama mzazi. Hapo nikaelewa. Mtu huyu hakuwa amesahau leseni ya kibanda ni ya nani. Lakini wananchi nyuma hawakuelewa, walisikia maneno matamu wakapiga makofi. Shemeji akavimba kama maandazi kwenye mafuta. "Jamaa wote!" akaunguruma. Makofi yakazidi. "Wa damu na wa ndoa! Tusibakishe mtu!"

Watu wakasimama kwa kushangilia. Karani akaandika kila neno, maana ameshaonywa asithubutu kufupisha hotuba za mwenyekiti. Mikono ikapanda yote, na wangu ukiwemo. Ningefanyaje? Nikatae mtoto wangu mwenyewe kwa kuwa amenenepa? Na kabla ya kufunga kikao shemeji akatoa tangazo dogo, kwa sauti laini. Kikao kijacho kitaamua kuondolewa kwa vibanda vilivyo nyuma ya ofisi, ili pawe na maegesho ya magari ya waheshimiwa.

Mimi ndiye diwani pekee wa kuutetea uchochoro ule bila kuogopa macho ya mtu, na kwa sheria niliyoileta mwenyewe nilikuwa nimeshafungiwa nje.

Kesho yake uchochoroni hakuna aliyenisalimia vizuri. Zipu alikuja mpaka mlangoni akashika kiuno.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Wewe ingia, lakini umetuvuta na sisi."

"Zipu, leo sina nguvu."

"Nguvu za nini? Kaa ndani ya ukumbi! Sema huna jamaa, sema huyu si mama yako, sema umeokotwa! Nani atakubeba akutoe?"

"Nikikaa, kifungu kimekufa siku hiyohiyo."

"Bora kife kifungu tubaki na vibanda!" Zipu ana watoto wanaomtegemea, na hana kingine duniani isipokuwa ile meza yake na koleo. Nikajifanya natafuta rula.

Mama alikuwa anapinda muda wote. Zipu alipoondoka ndipo akauliza, bila kuinua uso, "Ulitaka sheria, au ulitaka fimbo ya kuwachapia wengine?"

"Nilitaka sheria, Mama."

"Basi utatoka nje. Nitungie uzi."

Nikamtungia. Kwa hasira uzi ukanipita mara kadhaa, yeye akasubiri tu. Nilimkasirikia shemeji, nikamkasirikia Zipu, nikajikasirikia mimi kwa kuacha mlango wazi namna ile.

Siku moja kabla ya kikao Dada akaja. Mama alikuwa ameshapelekwa nyumbani kupumzika, kwa hiyo tulikuwa wawili. Dada hakukaa. Alisimama ameshikilia mkoba kifuani kama mtu aliyekuja kudai.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Kesho usimwaibishe mume wangu."

"Mimi? Kesho mimi natolewa nje, Dada. Nitamwaibishaje, kupitia dirishani?"

"Nakujua. Mdomo wako haujawahi kukosa pa kupitia."

"Anambomolea Mama kibanda!"

"Mama amechoka! Atapata chumba kwetu, apumzike, ale, alale. Kosa liko wapi?"

"Umemuuliza Mama?"

Hapo akawaka. Dada yangu ni mpole, lakini ukimgusa kwa Mama ni kama umemwagia petroli. "Usinifundishe kumpenda Mama! Macho yalipomsumbua, nani alimpeleka hospitali? Ni mume wangu. Nani anapita kila wiki kumjulia hali hata kama ana vikao kichwani? Ni yeye. Mama mwenyewe anamwita mwanangu mbele za watu, na yeye anaitika. Mama si wako peke yako, Pini! Sote ni watoto wake, na yeye ni mtoto wake vilevile!"

Akaondoka huku analia. Mimi nikabaki nimesimama na mkasi mkononi. Nilitaka kumfuata nimrushie jibu, maana jibu huwa sikosi, lakini yale maneno ya mwisho yalinishika mguu. Yeye ni mtoto wake vilevile. Nikakaa kwenye kiti cha Mama, kwenye ule mto wake. Nikayarudia maneno yale taratibu, halafu nikayarudia na maneno ya shemeji siku ya makofi. Nikaanza kucheka peke yangu.

"Umerukwa na akili?" Zipu akaita kutoka kule mwisho.

"Bado kidogo!" nikamjibu.

Halafu nikaacha kucheka. Dada alikuwa amenipa silaha bila kujua, kwa sababu ya kumtetea mumewe, na nikiitumia hatanisamehe. Nililia pale kibandani, sioni haya kusema. Nilipomaliza nikanawa uso nikamalizia sketi ya watu.

Kesho yake ukumbi ulikuwa umejaa kuliko siku zote. Feni moja ilikuwa inazunguka kwa kulalamika, na kitambaa cha kijani cha meza kuu kilikuwa kimepigwa pasi. Na nani nikamwona mstari wa mbele wa wananchi? Mama. Ameketi na Dada, Dada amempakatia mkoba wake. Shemeji ndiye aliyemleta, kwa gari lake, ili baadaye atangaze kwamba mwenye kibanda mwenyewe ameridhika. Mtu mzima akitaka kukumaliza anakumaliza kwa heshima.

"Kabla hatujaanza," shemeji akasema, "katiba yetu mpya iheshimiwe. Kuna mwenzetu ana jamaa katika jambo hili. Mheshimiwa Pini, mlango ule pale."

Wenzake wakacheka kidogo. Nikasimama, nikajinyoosha gauni.

"Natoka, Mheshimiwa Mwenyekiti. Sheria nimeileta mimi, na mimi nitakuwa wa kwanza kuitii. Lakini kifungu kinasema mtu aseme wazi kwanza. Naomba kusema."

"Kwa ufupi."

"Kibanda cha kwanza ni cha yule mama pale mbele. Mimi ni mwanawe wa kumzaa. Ndiyo sababu natoka." Nikamgeukia karani. "Karani, nisomee tena, kifungu kinahesabu jamaa gani?"

Karani akakohoa, akafunua, akasoma kama alivyoandika: "Jamaa wote, wa damu na wa ndoa, tusibakishe mtu."

"Ahsante. Sasa nauliza, maana mimi ni fundi nguo tu, sikusoma sana." Nikamtazama shemeji machoni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, yule mama ni nani wako?"

Lo! Feni tu ndiyo ilisikika. Halafu kule nyuma mtu mmoja akaguna, mwingine akasema "Haki ya nani!" na minong'ono ikaanza kupanda. Shemeji akavua miwani. Safari hii hakuwa na mikono ya kutazama.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," akasema.

"Hata mimi nilizaliwa nyumbani, sikuzaliwa ofisini."

"Mheshimiwa Pini, unavuruga kikao!"

"Sivurugi. Jambo ni dogo. Sema hapa, mbele yake, kwamba yule si mama mkwe wako. Sema neno hilo moja tu, nami natoka peke yangu na nakuomba radhi mbele za watu wote hawa."

Akamtazama karani, na karani akainamia karatasi zake. Akawatazama madiwani wake, wote ghafla wakawa na kitu cha kusoma. Mwisho akamtazama mkewe. Dada alikuwa ameuma mdomo, machozi yamesimama, na wala hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Macho yale ninayo mpaka leo.

Aliyesema ni Mama. Aligeuza uso upande sauti ya shemeji ilikotoka, akasema kwa upole kabisa, kama anavyomsemesha siku zote anapokuja kumjulia hali.

"Mwanangu, nakusikiliza. Sema."

Shemeji alifungua mdomo. Nitampa haki yake tena: hakuweza. Angeweza kulikana greda, bustani na hata halmashauri nzima, lakini Mama hakumkana. Akakusanya karatasi zake, akamwachia makamu kiti, akapita mbele ya watu wote na kutoka nje. Mimi nikamfuata nyuma.

Nje kuna benchi moja tu, la watu wanaosubiri kuonana na wakubwa. Tukakaa sote wawili juu yake, yeye upande huu, mimi ule. Mlango ukafungwa.

"Umenivua nguo," akasema.

"Utazoea. Sisi ulitaka kutuvua vibanda."

Akacheka kwa pua. "Unajiona mjanja, shemeji. Lakini hukupiga hesabu. Nimetoka mimi, umetoka na wewe. Waliobaki mle wote ni watu wangu. Aliyekuwa anawatetea mafundi ni nani? Si wewe? Na wewe uko hapa na mimi, kwenye benchi."

Alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimemtoa yeye, sawa, nimeitetea sheria, sawa. Lakini ndani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo kwa ajili ya uchochoro wetu. Nilimwona Zipu moyoni, amebeba koleo lake, hana pa kwenda. Nikaona kiti cha Mama chenye mto kimetupwa juu ya kifusi. Nikasema, Mungu wangu, nimefanya nini? Lakini usoni sikumwonyesha, ng'o.

"Tutaona," nikasema.

Sauti ya makamu ikapenya mlangoni. "Wanaokubali vibanda viondolewe, mikono juu."

Shemeji akasimama. Alikwenda dirishani haraka, lakini madirisha ya ukumbi ule ni ya vioo vya ukungu, vile vya bafuni, aliviweka yeye mwenyewe ili wananchi wasichungulie vikao. Akanyanyuka kwa ncha za viatu. Akavua miwani kwa mazoea, akakaza macho, na hakuna alichokiona isipokuwa ukungu. Na waliomo ndani hawakumwona.

Kimya kikawa kirefu. Halafu makamu akasema tena kitu, viti vikaburuzwa, watu wakapiga kelele ambazo sikuzielewa. Karani akafungua mlango.

"Waheshimiwa, mnaweza kurudi. Hoja imeanguka."

"Imeangukaje?" shemeji akauliza. "Waliokataa ni wangapi?"

Karani alijikuna shingo. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kufupisha, akashindwa. "Wote, mheshimiwa. Imekataliwa kwa kauli moja."

Kumbe! Miaka yote ile mikono haikuwa yao, ilikuwa ya yale macho. Mimi mwenyewe nilidhani wale wenzangu hawana moyo, nikawadharau, na mioyo walikuwa nayo ila imekaliwa. Nilitaka kumwambia shemeji neno la kumchoma, lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwona alivyosimama pale na miwani mkononi, nikalimeza.

Watu wakaanza kutoka. Dada alitoka akiwa amemshika Mama mkono. Akafika kwangu. Aliniwekea mkoba wa Mama mapajani akapita zake, hakumngoja hata mumewe. Mpaka leo tunasalimiana kwa kupitia watoto. Inaniuma, na kama ingerudiwa kesho ningeuliza swali lilelile.

Mama alibaki amesimama katikati ya kibaraza, anapapasa hewa.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama," nikasema, nikainuka.

"Si wewe. Yule mwingine."

Shemeji akavaa miwani yake, akaja.

"Nishike mkono unirudishe kibandani," Mama akamwambia. "Nina pindo la watu halijaisha."

Basi wakaenda, mimi nyuma nimebeba mkoba. Mafundi walikuwa wameshatangulia, wamesimama kila mtu mlangoni kwake. Shemeji alimwongoza Mama polepole, akamwambia palipo na jiwe, akamwambia palipo na mfereji, akamketisha kwenye kiti chake, akauweka mto vizuri mgongoni. Mama akanyoosha mkono kuomba sindano. Nikaona shemeji anaichukua, anachukua na uzi, anatoa ulimi kidogo kama mtoto wa shule, anatunga. Ulimpita, akatunga tena.

Aliyeanza ni Zipu, kule mwisho. Alipiga makofi, pa, pa, pa. Akadakia fundi wa sare, akadakia wa suti, mpaka uchochoro mzima ukavuma na mabati yakatetemeka. Shemeji akainuka, akageuka kuwatazama. Nikamngojea aongeze sentensi.

Alifunga mdomo, akampa Mama sindano yake.